Zana ipi ya kujengea programu inafaa mradi mdogo wa Java?

Swali (Sinza)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Tuko watatu, na tunaandika kwa Java programu ya kutunza hesabu za stoo kwa wenye maduka ya Kariakoo. Hadi sasa kila mmoja anakompaili (yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwa amri zake mwenyewe, hivyo programu inayofanya kazi kwangu inagoma kwa mwenzangu kwa kuwa matoleo ya maktaba (misimbo iliyoandikwa tayari na wengine) tulizopakua yanatofautiana. Kompyuta zetu zina memori ya GB 4 na intaneti yetu ni bando za simu. Kati ya Make, Ant, Maven na Gradle, tuanze na ipi?

Jibu la kwanza (Mbagala)

Ndugu yangu, anzeni na Maven, kwa sababu tatizo mlilonalo ndilo hasa inalolitatua. Katika faili la pom.xml mnaandika jina la kila maktaba na toleo lake, kisha Maven yenyewe inazipakua, pamoja na zile ambazo maktaba hizo zinazitegemea. Faili hilo ni refu na linachosha kusoma, lakini mtaliandika mara moja na baada ya hapo hamtaligusa mara kwa mara.

Kuhusu bando msiwe na hofu. Kinachopakuliwa kinahifadhiwa katika folda ya .m2, na ukishakuwa na kila kitu unaweza kujenga bila mtandao kwa amri ya mvn -o. Mmoja wenu apakue penye intaneti nzuri, kisha wenzake wanakili folda ya repository iliyomo humo kwa flashi.

Jibu la pili (Ubungo)

Naunga mkono, ingawa mimi ni mtu wa Make. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 huko Bell Labs, na hadi leo naiona haina mpinzani kwa mradi mdogo wa C, kwani inalinganisha muda ambao kila faili lilibadilishwa na kujenga upya yale tu yaliyopitwa na wakati. Kwa Java utaratibu huo haukai vizuri, maana kompaila yake hupendelea kupewa mafaili mengi kwa pamoja. Isitoshe, Make haipakui maktaba. Ant nayo, kwa upande huo, inahitaji msaada wa Ivy, zana nyingine ya kupakua maktaba.

Jibu la tatu (Tegeta)

Kabla hamjaamua, jiulizeni kama wateja watataka programu hiyo kwenye simu, kwa sababu Android Studio hutumia Gradle na huko hamtaikwepa. Tatizo lake kwa kompyuta zenu ni kwamba huacha mchakato ukiendelea nyuma ya pazia, ambao kwa kawaida husubiri saa 3 bila kazi ndipo ujizime, na muda wote huo unashikilia memori. Kwa GB 4, mkiwa mmefungua na kivinjari, mtaona kompyuta inakuwa nzito.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Simu wateja wameshaitaja, lakini kwa sasa wanatumia kompyuta za dukani, kwa hiyo tunachukua Maven. Je, tuweke nini kwenye Git (mfumo wa kutunza msimbo na kushirikiana)?

Jibu la kwanza (Mbagala)

Wekeni msimbo, pom.xml, na mvnw (faili dogo la kuendesha Maven) pamoja na folda yake ya .mvn, ili nyote mtumie toleo moja la Maven yenyewe. Folda ya target, yenye matokeo ya ujenzi, msiiweke, kwani hujengwa upya kila mara.