Sinia moja la watu sita, au kila mtu na sahani yake?

Mleta mada
Wadau, salamu. Hoteli na baa nyingi za Dar siku hizi zina ukurasa mzima wa masinia: la watu wawili, la wanne, la sita. Wali au pilau chini, juu kuku, mishikaki, ndizi, chipsi, kachumbari pembeni. Ukurasa wa pili ndio sahani za mtu mmoja mmoja. Mimi nasema sinia linamficha mteja kipimo. Sahani unaijua: robo kuku na chipsi, basi. Tuseme sahani hiyo ni shilingi 12,000. Watu sita mtalipa 72,000 na mtakula kuku mmoja na nusu. Likija sinia la 70,000 lenye kuku mmoja, mmeokoa shilingi 2,000 tu, ila nusu kuku imeyeyuka hivi hivi. Na picha zinapendeza kweli. Tujadili.

Mpishi, Kariakoo
Mkuu, kipimo hakifichwi, ni wateja hawaulizi. Kabla ya kuagiza muulize mhudumu maswali mawili tu: kuku wangapi, na mishikaki mingapi. Wali usikuumize kichwa: mchele mkavu gramu 125 kwa mtu zinatosha, kwa hiyo watu sita ni robo tatu ya kilo, na ukiiva unakaribia kilo mbili. Wali ndio wa bei rahisi, ndiyo maana hautapungua.

Ugomvi uko kwenye vipande. Sinia la watu wanne lenye nusu kuku lina paja moja, mguu mmoja, kidari kimoja na bawa moja. Nani anakula bawa? Jiko linalojua kazi linakata kidari mara mbili, na bawa linakwenda pamoja na kile kipande kidogo. Jiko lisilojua linakuleteeni nusu nzima na kisu butu.

Kosa la pili ni mpangilio. Chipsi zikilazwa juu ya wali wa moto kisha sinia likafunikwa foili, mvuke unazilainisha kabla hazijafika mezani. Kachumbari ikitiwa chumvi jikoni inatoa maji na kulowesha wali wa upande ule. Agiza chipsi, mchuzi na kachumbari kwenye mabakuli yake, chumvi mtie wenyewe. Hakuna hoteli itakayokataa.

Mchoma nyama, Nairobi
Kwa kuku na chipsi bishaneni. Mbuzi choma hana mjadala, ni wa meza nzima, na sababu ni moto wala si undugu.

Nyama hupimwa mbichi, na mifupa yake. Kilo moja ikiiva vizuri inabaki kama gramu 700, na humo bado kuna mifupa. Ndiyo maana kilo ni ya watu wawili, watatu kama kuna ugali wa kutosha. Sasa watu sita kila mmoja aagize robo yake: mchoma ana vipande sita vidogo juu ya makaa. Kipande cha robo kinakauka kabla mafuta yake hayajayeyuka na kuilainisha nyama. Mguu au mbavu za kilo moja na nusu, uzito ule ule, zinachomwa polepole mbali na makaa makali, dakika 45 hadi saa moja, na ndani zinabaki na maji yake. Tena vile vipande sita vinachanganyikana jikoni. Wewe ulichagua mbavu, unaletewa shingo.

Kosa la wateja ni kukatiwa yote kwa mpigo. Mafuta ya mbuzi yanaganda upesi sana yakipoa, na nyama iliyokatwa vipande vidogo inapoa haraka. Mwambie mchoma akate nusu, nusu ibaki pembeni mwa jiko mpaka ubao uishe.

Mleta mada
Choma nakuachia. Lakini hujagusa suala la mwendo. Kwenye ubao mmoja, anayetafuna haraka anakula sehemu ya jirani yake, na bili inagawanywa sawa. Hapo haki iko wapi?

Mdau, Mombasa
Sinia lina sheria zake, ni vile hotelini watu wamechukua sinia wakaacha sheria. Unakula kilicho mbele yako, kwa mkono wa kulia, ukianzia ukingoni. Huvuki upande wa mwenzako. Nyama ikiwekwa katikati haiguswi mwanzo. Wali ukifika nusu, mkubwa wa sinia anaichambua na kumsukumia kila mtu fungu lake. Kwa mpango huo mwenye mwendo wa polepole hapotezi chochote.

Hotelini mtu anaanza na mishikaki kwa uma, anahamia samaki, wali anawaachia wengine. Halafu lawama linapewa sinia! Vilevile msibanane. Sinia la kawaida wanalikalia wanne kwa raha, watano wakivumiliana. Mkiwa sita agizeni mawili, mkae watatu watatu, hata kama bei inazidi kidogo.

Muuguzi
Niongeze la afya, maana huwa linapotoshwa. Watu wanaogopa TB kwenye sinia, na TB huenezwa kwa hewa, haitoki kwenye sahani. Cha kuogopa ni mikono: homa ya matumbo na kipindupindu hupita hapo. Beseni moja la maji likizunguka meza nzima, wa mwisho ananawa uchafu wa watano waliotangulia. Maji yamiminwe kwa jagi au bomba, na sabuni iwepo, sekunde 20.

Kisha kuna mwenye mzio (aleji), tuseme wa kamba. Kamba wakilazwa juu ya wali, supu yao imeshuka mpaka chini, kumwambia "wewe kula upande huu" hakumsaidii. Huyo sahani yake itoke jikoni peke yake, na kijiko kingine. Mwenye kisukari naye hawezi kupima wali anaoumega kidogo kidogo. Ajipakulie mara moja kwenye sahani ndogo, asirudie.

Mhudumu wa meza
Mleta mada umeuliza haki. Haki hutengenezwa wakati wa kuagiza, bili ikishatoka ni kelele tu. Sema mapema: "Chakula bili moja, vinywaji kila mtu chake." Mhudumu anafungua bili ya chakula, na ya vinywaji ya kila mmoja. Msiposema, bia nane za mtu mmoja zinaingia bili moja na soda ya mwenzake, na anayelipa kwa lipa namba anabaki kuwadai watu usiku kucha.

Ila na sahani za mtu mmoja mmoja zina karaha yake ambayo hamjaitaja. Meza ya watu wanane, oda nane tofauti: chipsi mayai zinatoka kwanza, samaki wa kukaanga anafuata, aliyeagiza mbuzi choma anasubiri karibu saa nzima akiwatazama wenzake. Kama hamtaki sinia, basi angalau chagueni vyakula vya aina mbili tu. Au mwenye choma atangulize oda yake kwa simu.

Mleta mada
Na anayechelewa? Anakuta sinia limebaki mifupa, na bado anahesabiwa kwenye mgawo.

Mpishi, Kariakoo
Huyo mtengeeni fungu kabla ya mkono wa kwanza kugusa, siyo mwishoni. Sahani, nyama yake, wali wake, ifunikwe, irudi jikoni ikae mahali pa moto. Isikae mezani kwa muda wa saa mbili. Akizidisha hapo, afungiwe aende nayo, au aagize sahani mpya ya 12,000 na alipe mwenyewe.