Naomba ushauri: siku za kliniki zinawatoa mabinti darasani

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea. Tunapima watoto uzito, tunagawa dawa za minyoo, tunafuatilia chanjo. Kazi hii naiamini. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer, katika utafiti wao wa Busia, Kenya, uliochapishwa 2004, waliripoti kuwa dawa za minyoo zilipunguza utoro shuleni kwa angalau robo.

Ila kuna jambo linaniumiza. Kliniki yetu huwa katikati ya juma, asubuhi. Mama akiwa kibaruani, anayemleta mtoto ni dada yake wa miaka 10 au 11, tena amevaa sare ya shule. Mwezi uliopita nilimuuliza mmoja wao, leo mnasoma nini? Akainamisha kichwa tu. Tangu siku hiyo sijatulia. Nikimrudisha, mdogo wake anakosa chanjo ya surua. Nikimpokea, nami nimeshiriki kumkosesha masomo.

Nilipendekeza Jumamosi. Msimamizi akasema chanjo lazima zikae kwenye ubaridi, na siku hiyo hakuna wa kuzitoa kituoni.

Mlio kwenye kazi hii, au walimu, mmewahi kufanikiwa kubadilisha ratiba? Mlianzia kwa nani, mwalimu mkuu au kituo cha afya? Na wazazi niwaambieje bila kuonekana nawalaumu? Wanaacha watoto kwa sababu wasipokwenda kibaruani hawali.