Gitaa la besi "la wanaoanza": kwani anayeanza hana vidole?

Wakuu, naomba nitoe hasira zangu hapa kabla sijalibamiza hili dude ukutani.

Nimenunua besi ya umeme ya nyuzi 4, ya bei nafuu. Kampuni siitaji, maana nikiitaja tu watetezi wake watajaa na mada itaishia kwenye ushabiki. Kwamba ni rahisi nilijua, sikutegemea mbao za kifahari. Na kwa macho haina tatizo, rangi inang'aa. Kasheshe inaanza ukiishika.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, upande wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote. Ncha za freti, yale mataruma ya chuma yanayokatiza shingo, zimechomoza nje ya mbao kama meno ya msumeno. Ukiteleza kutoka freti ya 3 kwenda ya 7 unaondoka na mchubuko. Chanzo chake kinajulikana: mbao haikukaushwa ipasavyo, ikaendelea kusinyaa baada ya kuchongwa, na chuma hakisinyai. Dawa yake ni tupa ndogo na mtu mwenye subira. Kiwandani inaelekea vyote viwili vilikosekana.

Hilo ningelimeza. Freti ya 14 ndiyo imenimaliza. Imenyanyuka kuliko wenzake, kwa hiyo ukikandamiza ya 13, uzi unagonga pale mbele, noti inakufa, unabaki na mlio wa chuma. Kurekebisha chuma cha ndani ya shingo hakusaidii, kile kinanyoosha shingo nzima, si freti moja iliyokaa vibaya. Nikapandisha nyuzi kwenye daraja, pale zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, hadi zikawa kama milimita 4 juu ya freti ya 12, wakati besi iliyokaa sawa inacheza kwenye milimita 2 hivi. Mlio ukaisha. Sasa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unakandamizwa kwa nguvu za bega, na kwa kuwa unatoka mbali unavutika, sauti inapanda. Ukipigwa mtupu, bila kukandamizwa, uko sawa kabisa na tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, ukifika freti ya 12 umeshapotea. Nikarudisha kitandiko chake, kile kipande kinachoubeba pale kwenye daraja, nyuma hadi skrubu ikagota, bado uko juu. Kosa moja limezaa mawili! Freti ziliwekwa kwenye besi, kama ile Precision ya kampuni ya Fender ya 1951, ili mpigaji apate noti sahihi bila kupapasa. Mimi freti ninazo na bado napapasa.

Umeme nao ni kichekesho. Inavuma muda wote. Nikigusa nyuzi, hakuna kinachobadilika. Nikigusa chuma cha plagi, kimya. Wenye kujua mmeshaelewa: nyuzi hazijaunganishwa na ethi, ule waya wa ardhi unaozima mvumo. Nikafungua. Waya upo, umetoka chini ya daraja vizuri kabisa, umefika hadi kwenye kitufe cha volyumu, umelala tu pale juu. Haujalehemewa. Tone moja la lehemu jamani!

Kichwa kuwa kizito hadi shingo inazama ukivaa mkanda, hata sina nguvu ya kulieleza.

Muuzaji jibu lake: "Hiyo ni ya kuanzia bosi, ukishaiva utachukua nyingine." Hapo ndipo damu ilipochemka. Mzoefu ukimpa besi mbovu ataikwepa kasoro zake, anajua akandamize wapi na asipite wapi. Anayeanza atajuaje? Noti ikifa atadhani vidole vyake ndivyo vibovu, mwezi haujaisha gitaa liko uvunguni. Halafu huyo ndiye anayetengenezewa takataka makusudi, eti hatajua tofauti.

Sasa mafundi mliomo humu: freti moja iliyonyanyuka inaweza kugongewa ikakaa moja kwa moja, au ndiyo mpaka zisawazishwe zote? Na asije mtu kuniambia nibadilishe nyuzi.