Tupeane uzoefu: mawazo yakikuzidi unafanya nini kwa mikono? (Na wasomaji wa hadithi za majini mje hapa)

Mama Vitenge Kuchele (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, hasa ndugu zangu wa kusini. Mtwara kuchele, Lindi mpo?

Niende moja kwa moja. Nina kaduka ka vitenge hapa mjini Mtwara. Mnaoijua biashara ya huku mnaelewa, miezi hii watu wanapulizia salfa mikorosho, hela mtaani hamna. Minada mpaka Oktoba huko. Kila mteja ni "dada niandikie, korosho zikitoka nalipa". Mimi nami nilishaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Sielezi zaidi, waliowahi kuingia wanajua simu ya saa kumi na mbili asubuhi inavyolia.

Kilichonishikilia ni vitu viwili ambavyo nikimtajia mtu anacheka. Cha kwanza ni kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Cha pili ni hadithi za kutisha: majini, mizimu, marehemu wanaorudi kudai mahari yao. Nasoma kwenye simu nikishafunga duka, zile za sehemu ya kwanza mpaka ya themanini. Nyingine mwandishi anapotelea njiani na hadithi haiishi, Mungu anawaona.

Mume wangu anauliza, mtu mwenye mawazo anasomaje vitu vya kumuongezea hofu? Nilipokaa nikatafakari nikaona hivi. Hofu ya deni haina sura. Iko tumboni, iko kwenye simu, iko kwa yeyote anayepiga hodi. Nikisoma jini kaingia chumbani, hofu yote inahamia kwake, na jini ana jina, ana macho, ana kitu anachokiogopa, halafu kuna mtu mle ndani anahangaika naye badala yangu mimi. Nikizima simu nalala.

Kroshia ni habari nyingine kabisa. Ukihesabu vitanzi huwezi kuhesabu madeni. Ukichanganya utafumua.

Basi tupeane uzoefu. Nataka ya mtu mwenyewe, siyo "kuna rafiki yangu mmoja". Na kama hizi hadithi zilikuharibu badala ya kukusaidia, njoo useme pia.

Asiyetaka Makuu

Kausha damu yenyewe ndiyo hadithi ya kutisha mama, tena haina sehemu ya mwisho.

Mlinzi wa Zamu

Nimechukua siti ya mbele.

Mimi nalinda ghala. Sasa hivi ndani kuna mifuko ya salfa tu, msimu wenyewe bado, kwa hiyo usiku mzima ni mimi, mbu na redio. Stresi yangu siyo deni, ni kukaa macho huku kichwa kinarudia jambo moja: mwanangu kafaulu kwenda kidato cha tano na mahitaji ya kuripoti sina. Ukikaa kimya saa nane usiku jambo dogo linakua mpaka linajaza ghala.

Mwenzangu wa zamu akanirushia hadithi ya mlinzi wa makaburi. Mlinzi! Nikaanza. Nimefika pale mlango wa chuma unagongwa kutoka ndani, panya akadondosha debe kule nyuma ya mifuko. Wakuu, filimbi niliipuliza mpaka jirani wakatoka na mapanga. Ikabidi niwaambie nimeona kibaka.

Lakini niseme ukweli, usiku ule sikuwaza mahitaji ya shule hata kidogo. Tangu hapo nasoma, ila nikiwa nimeegemea ukuta.

Tezo na Patasi

Mleta mada umenigusa. Mimi ni fundi umeme, uchongaji nilifundishwa na mjomba wangu huko Newala nikiwa mdogo, nikauacha nilipopata cheti. Mama alipofariki nikawa mtu wa kukaa tu. Kazini naenda, narudi, nakaa. Mke akaniletea tezo ya mjomba iliyokuwa imefungwa kwenye gunia, akaiweka mlangoni, hakusema kitu.

Asiyewahi kushika mpingo ngoja nimweleze kidogo. Huo mti kwa nje una ganda jeupe la kuelekea manjano, weusi uko moyoni. Unaanza kwa tezo, unaondoa weupe taratibu, na tezo ikigusa moyo utajua kwa mkono na kwa sikio, maana hapo mti unakataa. Hauchongeki kwa hasira. Ukipiga kwa hasira tezo inateleza au mti unapasuka. Baada ya tezo inakuja patasi, halafu tupa, halafu msasa mpaka uanze kung'aa wenyewe. Vumbi lake linawasha pua na macho, funga kitambaa. (Na mnaonunua vinyago barabarani, kuna mti wa kawaida unapakwa kiwi ya viatu unaitwa mpingo. Mpingo halisi ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama.)

Ninachochonga ni mashetani. Watu wa kanisani kwetu walishakuja kuniuliza. Nikawaambia huu ni mtindo wa miaka ya 1950, mwanzo wake unahusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetokea Msumbiji. Inasimuliwa kinyago cha mtu kilimvunjikia mkononi, badala ya kukitupa akakigeuza kuwa shetani, na wanunuzi wakakipenda kuliko vile vizima. Mimi napenda sana habari hiyo. Shetani la kwanza nililochonga baada ya msiba lina jicho moja na tumbo lililotoboka katikati. Sikupanga. Nililimaliza nikaona, ahaa, kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa.

Siliuzi. Liko juu ya kabati, watoto wamelipa jina la jirani yetu, nalo silitaji.

Ustadh wa Chikongola

Assalam alaykum. Nawasoma kwa utulivu. Dada yangu Mama Vitenge, majini ni viumbe wa kweli, wametajwa kwenye Qur'ani, siyo mchezo wa kujiburudishia usiku. Mtu mwenye dhiki asome Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala. Kufuma na kuchonga vyombo sina neno, ila hadithi hizo zinaukalisha moyo mahali pabaya.

Mama Vitenge Kuchele

Waalaykum salaam Shehe wangu. Ayatul Kursiyyu naisoma, tena baada ya zile hadithi naisoma kwa moyo mkunjufu kuliko siku zote.

Ukili wa Bibi

Mimi niko upande wa pili kidogo.

Nimekulia kijijini mkoa wa Lindi. Wenye umri wangu mtakumbuka miaka ile ya mwanzoni mwa 2000, simba walipokuwa wanakula watu kweli. Wanakamata mtu shambani akiamia ngedere na nguruwe, wanakamata mtu anayetoka nje usiku kwenda chooni. Tulikuwa tunaingia ndani jua likiwa bado lipo. Na wakubwa hawakusema ni simba tu. Walisema ni simba wa kutumwa, mtu kamgombania mwenzake shamba, kamtumia simba. Kwa hiyo ulimwogopa simba, ukamwogopa na jirani pia, na hilo la pili ndilo lililobaki simba walipokwisha.

Ndiyo maana hadithi ya mtu anayegeuka mnyama siwezi kuisoma hadi leo. Nilijaribu, nikakesha na taa. Majini wa baharini nasoma, malkia wa kuzimu nasoma, ila akitokea simba nafunga. Mleta mada anasema hofu inahamia kwenye hadithi. Kwangu hadithi ile inakuja kunikuta nyumbani.

Kilichonisaidia mimi ni ukili. Bibi alikuwa anasuka zile jioni tulizofungiwa ndani, nasi akatuwekea miyaa, yale majani ya kusukia, mikononi ili tusisikilize nje. Unachana miyaa kwa upana unaolingana, unaianika, ya rangi unaichemsha na rangi yake, halafu unasuka ule utepe mrefu. Miyaa ikikaribia kuisha unaongeza mingine katikati ya kusuka, pasionekane kiungo. Ukili ukitosha unaushona kwa kuuzungusha, upande kwa upande, mpaka unapata mkeka. Mkeka mmoja unakwenda wiki kadhaa kwa mtu mwenye kazi nyingine.

Niko mjini sasa, naajiriwa ofisini, mikeka naipata sokoni kwa hela ndogo tu. Bado nasuka. Bosi akinipandia kichwani mchana, jioni nikigusa miyaa mikono inajua cha kufanya kabla yangu.

Msomaji wa Feri

@Ukili wa Bibi pole sana. Kwa hiyo huyu naye usimguse: mngwa, wengine wanamwita nunda. Paka wa kijivu mkubwa kama punda. William Hichens, Mwingereza aliyekuwa hakimu huko Lindi enzi za ukoloni, aliandika habari za watu kuuawa usiku, na wenyeji wakamwambia huyo siyo simba wala chui. Mimi ndiye ninayempenda kuliko majini wote. Mabosi wa kwetu hapa wangekutana naye!

Kwa wanaoanza na waoga, chukueni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kuna majini, kuna ndugu waliogeuzwa manyani, na hutakesha. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960 jina linatisha, lakini ndani ni upelelezi wa Bwana Msa. Nilimpa mama mkwe akanilaumu hakuna mzimu wa kutosha.

Sista Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, Lindi. Nitasema mawili halafu nirudi wodini.

La kufuma na kuchonga lina ushahidi. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichukua watu wazima 39 wakawapa rangi, udongo na karatasi wafanye watakalo kwa dakika 45. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate kabla na baada. Kwa kama robo tatu yao ilishuka, na wasiojua chochote cha sanaa walinufaika sawa na wanaojua. Kwa hiyo usiseme "mimi sina kipaji". Na la kutisha pia: mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha kwamba mashabiki wa filamu za kutisha hawakuyumba sana kama wengine wakati wa korona. Hilo halimaanishi filamu ndizo zilizowasaidia, huenda ndivyo walivyo.

La pili. Kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni raha hata kwenye kile ulichokuwa unakipenda, au unawaza bora ufe, hapo weka kroshia pembeni uende hospitali. Siyo uchawi na siyo aibu. Nimeshamwona mama ameletwa na ndugu baada ya kuzungushwa kwa waganga miezi, na mbuzi wawili wamekwisha.

Mimi mwenyewe natengeneza keki. Siongezi neno.

Asiyetaka Makuu

Keki tunazipataje sista?

Mzimu wa Masoko

Kimya kimya nimekuwa nawasoma, ila mleta mada umesema "mwandishi anapotelea njiani, Mungu anawaona", nikaona ni mimi nasemwa.

Mimi ni mmoja wa hao waandishi. Niko Kilwa Masoko. Nilimaliza chuo, ajira ikagoma, nikarudi nyumbani nikawa nafanya kazi za boti. Ukikaa gatini unakiona kisiwa cha Kilwa Kisiwani pale ng'ambo. Wazungu wanavuka kwenda kupiga picha magofu ya Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, Unesco iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mimi nilikuwa nakiangalia kisiwa kile nikiwaza vyumba vyote vile vya Husuni Kubwa nani analala humo sasa. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Jini wangu ni mwanamke mfanyabiashara wa shanga, aliuziwa mzigo mbovu karne ya 14, hajalipwa mpaka leo, anadai kila kizazi.

Mnaona? Naye ana madeni. Sikugundua mpaka dada yangu aliposoma akasema, "Huyu ni wewe unawadai watu wa ajira."

Kuandika kunanipa nafuu kuliko kusoma, kwa sababu nikiwa msomaji nasubiri litakalotokea, nikiwa mwandishi nawasubirisha wengine. Mtu asiyeitwa kwenye usaili mwaka mzima, akiulizwa na wasomaji "sehemu ya 35 lini?" anajiona mtu.

Kuhusu kupotea: sehemu ya 34 niliirusha bando likiwa linaisha, halafu simu ikaingia maji nikishusha mizigo. Daftari lipo.

Mlinzi wa Zamu

Subiri. Jini wa shanga? Yule aliyemkuta bwana harusi kwenye ngazi za Husuni akamuuliza "bei ile ile?" NI WEWE? Mkuu nimekaa na hiyo ngazi tangu Pasaka!

Mama Vitenge Kuchele

Jamani mimi ndiye niliyekutukana kwenye maoni ya sehemu ya 34. Yale maneno nayabakisha hapo hapo mpaka 35 itoke.

Mzimu wa Masoko

Nitapata simu ya kuazima Jumapili. Bwana harusi hafi, hilo nawaambia mapema kwa ajili ya @Mlinzi wa Zamu na majirani zake.

Ukili wa Bibi

Simba yumo?

Mzimu wa Masoko

Hayumo dada. Kulikuwa na chui mmoja sehemu ya 40, namtoa.

Msomaji wa Feri

Mtoe umweke mngwa.

Ukili wa Bibi

Wewe mtu wa feri nitakutafuta.