Rapa wa kike asiye na lebo (kampuni ya kurekodi na kusimamia muziki): afanye nini kabla ya kuachia wimbo?

Swali: Dada anarap bila lebo, wimbo umeshakamilika, biti (mdundo wa wimbo) kainunua mtandaoni. Aanzie wapi ili jina lishike?

Jibu 1: Leseni ya biti kwanza! Ile ya bei nafuu mara nyingi ina kikomo cha usikilizwaji, na biti hiyohiyo wanauziwa wengine, kwa hiyo YouTube inaweza kumbandika madai ya hakimiliki ya mtu asiyemjua. Mgao wa mapato na prodyuza uandikwe na kusainiwa kabla wimbo haujatoka. Baada ya hapo ni ugomvi.

Jibu 2: Naunga mkono. Halafu apeleke WAV (faili la sauti lenye ubora kamili) kwa msambazaji, yaani huduma inayoupandisha wimbo Spotify na kwingineko, wiki 4 kabla. Spotify inashauri kupendekeza wimbo kwa wahariri wake wanaopanga orodha za nyimbo, angalau siku 7 kabla. Ukishatoka, nafasi hiyo imepita. Jina liandikwe vilevile kila mahali, la sivyo nyimbo zitaangukia kurasa mbili tofauti za msanii.

Jibu 3: Msisahau miksi, yaani kusawazisha sauti na biti. Kwa sauti nyingi za kike herufi "s" huchoma sikio kwenye masafa ya kilohezi 6 hadi 9. Ipunguzwe hapo tu. Ukishusha masafa yote ya juu, maneno yanafifia, na rapa asiyesikika maneno hana kitu.