Sensa ya presha inatangaza dhoruba kila siku saa tisa, na mbingu nyeupe

FundiKibirizi (Kigoma)

Habari za leo wadau. Mimi fundi simu hapa Kibirizi, kibanda changu na mwalo ni kutupa jiwe. Sensa ninayoiulizia ni ile ya presha na joto, si ile ya kuhesabu watu.

Shemeji yangu ana mitumbwi miwili ya dagaa. Machi upepo uliwakuta katikati ya ziwa usiku, wakamwaga dagaa wote ili wasizame, wakarudi na taa moja inayowaka. Nikajitia kimbelembele: nitakutengenezea kitu cha kukuambia mapema. Sasa maneno yamenirudi.

Nimetumia ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu), sensa, buza na betri mbili nilizozitoa kwenye laptop mbovu. Sensa naipa volti 3.3, inaitikia kwenye anwani 0x76, joto linakuja vizuri. Programu inasoma kila dakika 10, na presha ikishuka zaidi ya hPa 1.5 (hektopaskali, kipimo cha presha ya hewa) ndani ya saa 3, buza inalia. Kanuni hiyo niliipata kwa jamaa mmoja wa Uingereza.

Kwanza, inasoma 924 wakati kila mahali wanasema kawaida ni 1013. Nimebadilisha nyingine, 925. Pili, niliuziwa kama BME280, sensa ya presha, joto na unyevu, lakini unyevu hauleti kitu. Tatu, na hili ndilo linalonitoa jasho, buza inalia kila siku mchana, kuanzia saa nane hivi mpaka saa kumi, mvua hamna. Mama wa samaki wa migebuka hapa jirani anasema ikilia ndiyo anawasha jiko.

Vipimo vya juzi, siku ambayo hakukuwa hata na wingu:

saa 4 asubuhi: 925.6
saa 7 mchana: 924.1
saa 10 alasiri: 922.3
saa 1 usiku: 923.4
saa 4 usiku: 924.9
saa 10 alfajiri: 923.6

Nimeuziwa mbovu?

WayaMwekundu (Tabora)

Fundi, 924 ni sahihi kabisa. 1013 ni ya usawa wa bahari. Ziwa lenu liko kama mita 770 juu ya bahari, hewa iliyobaki juu yenu ni kidogo. Mimi niko Ipuli, huku ni karibu mita 1,200, na yangu inacheza kwenye 880. Ukiona 1013 Kigoma ndipo uitupe.

La unyevu: soma rejista 0xD0, ndiyo inayotunza namba ya utambulisho wa sensa. Ikikupa 0x60, ni BME280. Ikikupa 0x58, umeuziwa BMP280, haina unyevu hata uiombe kwa dua. Wengi tumeshalizwa hapo. Hata kwa macho utaijua: kile kibati kidogo cha BME280 ni mraba, cha BMP280 ni kirefu upande mmoja.

Chaji100

Hizo za bei ya kutupa zote feki mkuu. Joto likipanda mchana presha inayumba. Weka kapasita kwenye umeme, au nunua nyingine.

MzeeZebaki (Tabora)

Asinunue kitu. Sensa yake inafanya kazi vizuri kuliko anavyodhani.

Mwanangu, nimestaafu kazi ya kupima hali ya hewa. Miaka mingi niliamka usiku kusoma kipimo cha zebaki, na hizo namba zako nazifahamu kama ninavyofahamu mlango wa nyumba yangu. Tazama saa zake: juu saa nne asubuhi, chini saa kumi alasiri, juu tena saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri. Ni kama maji kupwa na kujaa, ila hii ni ya hewa, na anayeivuta hasa ni jua, si mwezi. Jua likipasha hewa ya juu, anga lote linapumua mara mbili kwa siku. Karibu na ikweta pumzi hiyo ni kubwa. Kule Uingereza pumzi hiyo ni ndogo mno, inamezwa na dhoruba zao, ndiyo maana kanuni ya huyo jamaa haikuitaja. Kwake inafaa. Kwako itakuwa inalilia saa kumi, siyo mvua.

Usilinganishe na saa tatu zilizopita. Linganisha na jana saa hiyo hiyo, au bora wastani wa siku tano wa saa hiyo.

Lakini nikuambie jingine usije ukamponza shemeji yako. Upepo wa ghafla wa radi mara nyingi hauji na presha kushuka. Hewa baridi inayomwagika kutoka kwenye wingu ni nzito, hivyo presha *inaruka juu*, na joto linaporomoka, ndani ya dakika chache. Ukiona mawili hayo pamoja, upepo uko mlangoni. Aliye katikati ya ziwa hatafika nchi kavu. Kabla ya kutoka asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

FundiKibirizi

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa na daftari siku nzima, saa nne na saa kumi hazikosei! @WayaMwekundu ni 0x58, nimelizwa.

Nimetenga nafasi 24 za kuhifadhi vipimo, moja kwa kila saa, lakini bodi ikilala ikiamka zote ni sifuri. Halafu joto ndani ya boksi ni 36 wakati nje ni 29.

WayaMwekundu (Tabora)

Ikilala usingizi mzito inasahau kila kitu, isipokuwa ulichokiandikia RTC_DATA_ATTR, alama kwenye programu ya kukiweka kwenye kumbukumbu isiyofutika wakati wa kulala. Ziweke humo. Joto ni la bodi yenyewe: itoe sensa kwa waya hadi nje ya boksi, kivulini, na uiweke isome mara moja kisha ilale. Kile kitundu chake kidogo juu usikizibe na gundi.

MzeeZebaki (Tabora)

Marahaba. Na soma kila dakika moja, siyo kumi. Kwa dakika kumi utaukuta upepo umeshapita.

FundiKibirizi

Leteni pongezi. Siku tisa alasiri kimya, mama wa migebuka analalamika jiko linachelewa. Jana saa mbili usiku buza ikalia: presha imepanda 1.3 kwa dakika nane, joto limetoka 27 hadi 23. Nikatoka nje kuangalia ziwa, wingu limefunika mwezi, giza tupu. Sikumaliza hata kufunga kibanda, upepo huo. Bati langu moja limekwenda, bado nalitafuta. Shemeji alikuwa nyumbani amelala, ni siku za mbalamwezi, taa haivuti dagaa, hawaendi.