Huaihai, 1948: kwa nini jeshi lenye ndege na vifaru lilishindwa?

Swali

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China, na kila mara ninakwama kwenye mapigano ya Huaihai, yaliyoanza tarehe 6 Novemba 1948 na kumalizika tarehe 10 Januari 1949. Serikali ya Chiang Kai-shek ilipeleka huko askari wapatao 800,000, ilikuwa na vifaru, na anga lote lilikuwa lake. Wakomunisti walikuwa wapatao 600,000, wasio na ndege za kuwafunika. Mji wa Xuzhou, panapokutana reli mbili kubwa, ulikuwa pia mikononi mwa serikali. Hata hivyo, katika siku 66 serikali ilipoteza watu takriban 550,000.

Ninaambiwa kwamba askari wake walikuwa wamekata tamaa. Jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu Jenerali Huang Baitao alipigana hadi kufa. Ni nini hasa kilichoamua mambo?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, una haki ya kutoridhika. Kwa maoni yangu, anza na daraja.

Jeshi la Huang Baitao lilikuwa mashariki ya Xuzhou, nalo lilipaswa kurudi nyuma haraka kuelekea mjini. Aliamriwa kwanza kulingoja Jeshi la 44, lililokuwa likitoka Haizhou pwani, na siku alizozipoteza hapo hazikurudi tena. Alipoondoka, zaidi ya watu 100,000 pamoja na magari, mizinga na raia waliokuwa wakikimbia walisongamana kuvuka Mfereji Mkuu kwa daraja moja, kwa kuwa hakuwa ameagiza madaraja ya muda yajengwe. Wakati huohuo, tarehe 8 Novemba, majenerali wawili wa serikali, He Jifeng na Zhang Kexia, ambao kwa siri walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, waligeuka na askari zaidi ya 20,000. Wao ndio waliokuwa wakilinda kaskazini ya Xuzhou, na mlango walioufungua ndio uliomwezesha Su Yu, kamanda wa Wakomunisti, kupenya hadi kati ya Huang na mji.

Huang alizingirwa Nianzhuang, kilomita zipatazo 50 tu kutoka Xuzhou. Hapo tusiwapambe washindi kupita kiasi. Nyumba za vijiji vile zilijengwa juu ya matuta kwa kuogopa mafuriko, na zilizungukwa na mitaro ya maji; Wakomunisti walishambulia moja kwa moja katika uwanda ulio wazi, wakafa wengi. Ndipo Su Yu alipobadili njia: askari walichimba mahandaki usiku, wakiyasogeza hatua kwa hatua hadi karibu na kingo za mitaro, na shambulio likaanzia hapo. Tarehe 22 Novemba Huang alikufa. Wenzake waliotumwa kutoka Xuzhou kumwokoa hawakumfikia.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu daraja, lakini kosa la siku chache halielezi siku 66. Nani alikuwa akiwalisha hao 600,000 wakati wa baridi?

Waliolisha ni wakulima. Hesabu ya Wakomunisti wenyewe inataja vibarua milioni 5.43 na mikokoteni na matoroli yapatayo 880,000, mengi yakiwa ya mbao na yenye gurudumu moja, ambayo mtu mmoja anayasukuma kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ambako lori haliwezi kupita. Yalikwenda na nafaka na risasi, yakarudi na majeruhi. Chen Yi, mmoja wa makamanda, alikiri baadaye kwamba ushindi ule ulisukumwa na watu kwa matoroli. Wakulima wengi wa kaskazini walikuwa wamegawiwa ardhi na Wakomunisti, na walijua kwamba serikali ikirudi mwenye shamba naye atarudi. Lakini pia kila kijiji kilipangiwa idadi ya watu wa kutoa, na kukataa hakukuwa jambo jepesi. Yote mawili ni kweli.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Bado ninasumbuliwa na Du Yuming, jenerali mwingine wa serikali. Aliondoka Xuzhou tarehe 30 Novemba na majeshi matatu yaliyokuwa bado na nguvu, na njia ya kusini-magharibi ilikuwa wazi kwa kiasi. Kwa nini hakuokoka?

Jibu la tatu

Kwa sababu Chiang alimgeuza njiani. Jeshi la 12 la serikali, chini ya jenerali mwingine aitwaye Huang Wei, lilikuwa limezingirwa Shuangduiji, na tarehe 3 Desemba Du alipokea barua iliyodondoshwa na ndege, ikimwamuru aache kukimbia na aende kumwokoa. Makubaliano ya awali kati ya Du na Chiang yalikuwa kwamba Du akishatoka hatasimama kupigana. Alitii, na siku iliyofuata duara lilikuwa limemfunga huko Chenguanzhuang. Huang Wei mwenyewe hakufaidika: tarehe 27 Novemba, alipojaribu kutoka, alikuwa amemkabidhi Liao Yunzhou kazi ya kutangulia na divisheni yake. Liao, naye Mkomunisti wa siri, alipita salama kati ya mistari ya adui, na nyuma yake pengo likafungwa.

Fikirini hali ya waliobaki Chenguanzhuang. Katika nusu ya pili ya Desemba theluji iliangusha miavuli ya chakula kilichodondoshwa na ndege mahali pasipofaa au ikazizuia ndege kabisa. Askari walichinja farasi, wakachoma majeneza waliyoyafukua ili wapate moto, huku vipaza sauti upande wa pili vikiwaita waje kula. Maelfu walivuka usiku. Shambulio la mwisho lilianza tarehe 6 Januari, na siku nne baadaye Du alikuwa mateka.